Fundi Yuko Njiani

Ulimi wa Redio uliteleza jioni ya Alhamisi, wakati wa chakula, mbele ya familia yake yote.

Mkewe alikuwa amesimama kando ya sinki, ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza umbea. "Baba watoto," alisema, "hili bomba limeanza tena. Tone, tone, tone. Mwisho litanitia wazimu."

Redio alikuwa mezani, mkono ukipeleka kijiko mdomoni na mawazo yakiwa mbali. Bila kuinua macho, akajibu kwa sauti yake nene na laini: "Tumepokea taarifa yako, mama. Fundi yuko njiani. Je, kuna jambo lingine naweza kukusaidia?"

Binti yao alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, mabega yakimtetemeka. Mkewe aligeuka taratibu, akamtazama mumewe, kisha akalitazama bomba, kisha akamtazama tena mumewe.

Aliyesema kwanza ni mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao tangu alipostaafu. "Fundi gani tena huyo, baba?" aliuliza kwa upole kabisa. "Si wewe mwenyewe ndiye uliyesomea mabomba?"

Hapo binti akashindwa kujizuia, na meza nzima ikaangua kicheko. Redio naye alicheka. Lakini alipomaliza kucheka aliona kwamba mkewe alikuwa amenyamaza kabla ya wengine, na kwamba anamtazama kwa jicho ambalo halikuwa na mzaha.

Ni kweli, alisomea mabomba. Alipotoka chuo cha ufundi aliajiriwa na kampuni ya maji kama fundi, akapewa ovaroli ya buluu na spana mpya inayong'aa. Wiki hiyo hiyo ya kwanza, dada wa mapokezi ya simu aliugua, na yeye akaambiwa ashikilie kiti hadi mwenzake apone. Dada alipona, lakini wakubwa walikuwa wameshaisikia sauti. Wateja waliopiga wakiwa wamefura kwa hasira walikata simu wakiwa wametulia, wengine wakimwombea dua. Wakasema sauti kama hiyo haiwezi kupotelea mtaroni. Wakamvua ovaroli, wakamvika tai, na hapo ndipo jina la Redio lilipoanzia. Tangu siku hiyo hakuwahi kushika spana ya kampuni. Ile mpya aliyopewa aliirudisha ghalani ikiwa bado inang'aa.

Haikuwa kazi mbaya, na Redio hakuwa mtu wa kulaani riziki yake. Palikuwa na kiti cha kuzunguka, kiyoyozi, na chai. Kilichomla ni kwamba kutwa nzima alisikia habari za maji bila kuyaona. Watu walimweleza mabomba yaliyopasuka, mita zilizokwama, madimbwi mbele ya mageti, naye kichwani aliyatengeneza yote. Mteja akisema tu "linatoa mlio kama filimbi", Redio alishajua ni kiungio gani kimelegea. Lakini utaratibu wa ofisi ulikuwa mmoja: anayepokea simu haruhusiwi kumwambia mteja tatizo ni nini, kwa sababu hilo ni la fundi akishafika na kukagua. Yeye aseme maneno yake matatu. Taarifa imepokelewa. Fundi yuko njiani. Kuna jambo lingine?

Mafundi walikuwa wachache na njia ilikuwa ndefu.

Mara nyingi aliwaza kuacha. Aliwaza kila mwaka ulipoanza, na kila mwaka ulipokaribia kwisha alijiambia mwaka ujao. Hakuwa mwoga wa kazi. Aliogopa kitu kidogo ambacho hakuwahi kumwambia mtu: kwamba mikono yake imesahau, na kwamba akiacha kiti chake atagundua hajui tena kitu kingine chochote isipokuwa kuongea.

Usiku ule, kabla ya kulala, alivuta kutoka uvunguni mfuko wake wa vifaa wa zamani. Vumbi lilimfanya apige chafya. Alifunga koki ya maji ya nyumba, akafungua kichwa cha bomba la jikoni, akatoa kijiraba kilicholika hadi kufanana na jani kavu, akaweka kingine. Kazi ya muda mfupi tu. Alipofungulia maji na kuyafunga, halikudondoka hata tone.

Akabaki amesimama pale, mkono juu ya sinki, akiusikiliza ule ukimya.

Asubuhi mkewe, ambaye alikuwa mwalimu wa chekechea na aliyezoea kusifia vitu vidogo, aligusa bomba kwa kidole na kusema, "Fundi alifika?"

"Alifika."

"Mwambie asikae sana huko njiani siku nyingine," akasema, akabeba mkoba wake, akaenda kazini.

Ijumaa hiyo Madam alimwita ofisini kwake. Madam alikuwa mkuu wa kitengo cha simu, mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa, mkali wa saa lakini mwenye roho nzuri.

"Kaa," alisema. "Kile chumba cha kioo nataka ukichukue wewe."

Chumba cha kioo kilikuwa katikati ya ukumbi wa simu. Anayekaa humo huvaa hedifoni na kusikiliza simu za wenzake, ahakikishe kila mmoja anasema maneno matatu kama yalivyo, bila kuongeza na bila kupunguza. Kilikuwa cheo. Kilikuwa na mlango wake, na meza yake, na mshahara wake. Anayeingia humo hutoka siku ya kustaafu.

"Sauti yako ndiyo kipimo chetu," Madam aliendelea. "Nataka wote waongee kama wewe. Jumatatu asubuhi nipe jibu, na sitegemei jibu la ajabu."

Redio alishukuru kwa dhati, maana alijua amepewa heshima. Lakini aliporudi kwenye kiti chake alihisi kama mtu aliyepimwa nguo ambayo hataivua tena. Alijua wazi kilichokuwa mbele yake. Akisema ndiyo Jumatatu, habari za mabomba zimekwisha. Akisema hapana, ni lazima awe na kitu cha kusema baada ya hapana, naye hakuwa nacho. Kijiraba cha jikoni si ushahidi. Kijiraba hata mtoto anaweza.

Simu yake ikalia. Kabla hajasalimia, upande wa pili ulishaanza.

"Mimi tena. Leo sipigi kulalamika. Napiga kuuliza tu: hiyo njia ambayo fundi wenu yupo, inapitia wapi? Mbinguni?"

Alikuwa Mama Dimbwi. Jina hilo walimpa ofisini, na yeye hakulijua. Kwa miezi alikuwa akipiga kueleza dimbwi lililokuwa ndani ya geti lake, karibu na mita. Kila alipopiga alielekeza upya nyumba yake, kama mtu anayemwelekeza mgeni mzito wa kusikia: barabara ya soko, kata kwenye karakana ya milango, geti la kijani lenye kufuli bovu. Redio hakuwahi kufika mtaa huo, lakini angeweza kuuchora.

Na alijua tatizo. Alilijua tangu simu ya kwanza. Maji yalitokea baada ya mita, kwenye kiungio cha kwanza kuelekea nyumbani, na sehemu hiyo ni ya mwenye nyumba, si ya kampuni. Angeweza kumwambia zamani, "Mama, tafuta fundi wako mwenyewe." Utaratibu ulimkataza, naye akautii, na mama akaendelea kuruka dimbwi.

"Tumepokea taarifa yako, mama," alisema. Akasita. Maneno ya pili hakuyasema.

"Malizia," akasema mama. "Fundi yuko...?"

"Mama, kesho utakuwepo nyumbani?"

"Mimi niende wapi? Nikiondoka nani ataliangalia dimbwi?"

Jumamosi asubuhi Redio alivaa suruali kuukuu, akabeba mfuko wake, akamwambia mkewe anaenda kumtazama mtu. Hakusema uongo, wala hakusema yote. Njiani aliwaza kwamba akiharibu bomba la watu, angalau atakuwa amejua, na Jumatatu ataingia chumba cha kioo akiwa ametulia.

Geti la kijani lilikuwa pale pale alipokuwa amelichora kichwani, na kufuli lilikuwa bovu zaidi ya lilivyoelezwa. Mama Dimbwi alifungua mwenyewe. Redio alitegemea mtu mkubwa wa umbo, kwa kadiri sauti ilivyokuwa. Akakuta mama mwembamba, mfupi, kitambaa kichwani na mabuti ya mvua miguuni.

"Nani wewe?"

Hapo Redio alikumbuka jambo ambalo hakulipanga: sauti yake. Ikisikika tu, atajulikana, na miezi yote ya "fundi yuko njiani" itamwangukia kichwani kabla hata hajafungua mfuko. Kwa hofu akaibana sauti puani, ikatoka nyembamba kama ya mbu.

"Fundi, mama. Wa binafsi. Sijatumwa na kampuni. Nimesikia una tatizo la bomba."

"Umesikia wapi? Au dimbwi langu limeshatangazwa?" Alimtazama juu chini. "Una mafua?"

"Kidogo, mama."

"Basi usinipigie chafya. Pita. Rukia hapo, hapo kuna kina."

Alichimba kando ya mita, akayachota maji kwa kopo, akakipata kiungio. Kilikuwa pale pale. Plastiki ilikuwa imepasuka mstari mwembamba, na kila msukumo wa maji ulipokuja ulitoa kijimkondo kama mate. Alifunga koki. Alishika spana.

Mwanzoni mikono ilikuwa mizito. Kiungio kiligoma, spana ikateleza, akajigonga kidole na kumeza tusi kwa ajili ya heshima ya mwenye nyumba. Akapumua. Kisha, bila yeye kuamuru, kiganja cha kushoto kikaenda chini ya bomba kulishikilia, kama mwalimu wake alivyomfundisha chuoni akimchapa kwa rula: shikilia kwanza, zungusha baadaye. Kiungio kikaachia. Alisafisha nyuzi za bomba kwa kitambaa, akavingirisha tepu nyeupe kufuata upande wa kukazia, akaweka kiungio kipya alichokinunua njiani, akakaza mpaka mkono ukamwambia inatosha. Hakuna aliyemwambia ila mkono wenyewe.

Mama Dimbwi alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akisimamia. "Unafanya polepole," alisema.

"Ndiyo, mama," alijibu mbu.

"Sikukatazi. Wa mwisho, aliyeniunganishia maji hapa, alifanya haraka. Ndiye aliyeniachia dimbwi."

Redio akafungulia maji. Wakatazama wote wawili. Kiungio kilikaa kikavu. Walisubiri. Kikabaki kikavu. Mama akainama, akakigusa kwa kidole, akakinusa kidole, akakipangusa kwenye gauni.

Kitu fulani kikashuka kifuani mwa Redio, kitu ambacho alikuwa amekibeba kwa muda mrefu hata akakidhania ni sehemu ya mwili wake. Alisimama, matope hadi magotini, na kwa furaha akasahau mafua, akasahau pua, akasema kwa sauti yake yote, nene na laini, ile iliyomnyang'anya ovaroli:

"Je, kuna jambo lingine naweza kukusaidia?"

Mama Dimbwi akainuka kutoka kwenye ndoo taratibu.

"Rudia."

Redio akafumba macho. "Je, kuna jambo lingine—"

"Ni wewe!" Alipiga makofi mara moja, kwa nguvu. "Ni wewe kabisa! Kumbe una miguu!"

"Nisamehe, mama. Nilipaswa kukwambia zamani. Hili bomba ni lako, si la kampuni. Nilijua, ila haturuhusiwi—"

"Nyamaza kwanza." Alimzunguka kama anayemnunua. "Mimi nilidhani ni mashine. Nilimwambia dada yangu, kampuni wameweka mashine yenye sauti nzuri. Kila siku nikawa naitukana, nikijua haina roho. Sasa nimemtukana mtoto wa watu."

"Ilikuwa halali yako, mama."

"Najua ilikuwa halali yangu." Akacheka, meno mawili ya mbele yakiwa na mwanya. Kisha akawa makini, akashika kiuno. "Umeniuliza swali. Miezi yote hii unaniuliza kama kuna jambo lingine, na la kwanza hujalimaliza, ningejibu nini? Leo umelimaliza. Basi jibu ni ndiyo. Lipo. Choo hakiachi kumwaga maji."

Redio alimtazama. Katika miaka yake yote ya simu, hilo swali lilikuwa limejibiwa kwa dua, kwa matusi, kwa msonyo, kwa mlio wa simu iliyokatwa. Hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumjibu ndiyo. Akaanza kucheka, akacheka hadi akaishika nguzo ya geti, machozi yakimtoka, na mama akamwangalia kwa wasiwasi kama anayejiuliza iwapo amemruhusu mwendawazimu kuingia.

"Ni boya la tangi la choo tu," alisema alipopata pumzi. "Nitakirekebisha."

Lilikuwa boya tu. Alinunua jipya sokoni, akalibadilisha. Halafu akatazama kufuli la geti, lakini mama akamwambia hilo aliache, ni la mwanawe, anataka aone aibu siku akija. Redio alipojaribu kukataa malipo kwa sababu ya hatia yake, mama alimkemea: hatia ni hatia na kazi ni kazi, zisichanganywe. Akamlipa bila kubishana, kisha akatoa simu.

"Namba yako. Na isiwe ile ya ofisini."

Redio aliporudi kwake, mkewe alimkuta nyuma ya nyumba akiosha miguu kwa mpira wa maji. Alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Umelowa mpaka kiunoni na unapiga mluzi," alisema. "Huyo mtu uliyeenda kumtazama alikuwa anaishi ndani ya bwawa?"

Redio alikuwa amejiandalia hotuba, yenye mwanzo na sababu na mwisho. Ikapotea yote. Akamweleza tu: chumba cha kioo, Jumatatu, geti la kijani, sauti ya mbu, choo. Alipofika kwenye choo mkewe alikuwa ameketi kwenye ngazi, akijifuta macho kwa kicheko.

"Nataka kuacha," akamalizia. "Si kile chumba tu. Kazi yenyewe. Niwe fundi."

Mkewe alichukua jiwe dogo, akalizungusha mkononi kama afanyavyo anaposahihisha michoro ya watoto.

"Naogopa," alisema. "Nikisema siogopi nitakuwa nakudanganya. Mshahara wako unakuja kila mwezi, mvua inyeshe jua liwake. Bomba la mtu linaharibika likitaka."

"Najua."

"Lakini Alhamisi niliogopa zaidi." Aliliweka jiwe chini. "Uliponijibu vile. Wengine walicheka. Mimi nikaona, huyu hata hayupo hapa. Mume wangu amebaki kazini, hapa amekuja redio." Akamtazama usoni. "Leo umerudi wewe. Mchafu, lakini wewe. Kodi tutaibana kwenye mshahara wangu mpaka ushike njia. Mama atapiga kelele kidogo. Mimi sikuolewa na tai."

Redio alitaka kusema kitu cha maana. Akasema, "Asante, mama watoto," na sauti yenyewe haikuwa nene wala laini.

Jumatatu alimweleza Madam kwa adabu, amesimama. Alisema atakaa mwezi mzima wa taarifa ya kuacha kazi na kumfundisha atakayekaa kwenye kiti chake. Madam alivua miwani, akaifuta, akaivaa, kana kwamba tatizo lilikuwa kwenye vioo.

"Unaacha kiyoyozi ukachimbe mitaro."

"Ndiyo, Madam."

"Kwa hiari yako. Hakuna aliyekuudhi."

"Hakuna, Madam."

Alishusha pumzi. Akatazama mlango kama umefungwa, kisha akainamia meza na kushusha sauti. "Sinki la jikoni kwangu linavuja toka kipindi cha mvua."

"Ulipiga simu, Madam?"

"Nilipiga. Nilitaka kupima huduma." Alimkazia macho. "Ulipokea wewe. Uliniambia fundi yuko njiani."

Redio aliona pembe za mdomo wa Madam zikicheza, na kabla hajajua afanye nini, mkuu wa kitengo alikuwa anacheka hadi miwani inashuka puani, naye Redio akacheka naye. Aliondoka ofisini humo bila cheo, akiwa na ahadi ya kazi Jumamosi, na mwili wake mwepesi kama aliyeshuka kutoka safari ya siku nyingi.

Mama mkwe alipiga kelele kidogo, kama ilivyotabiriwa. Alikuwa amezoea kuwaambia wageni, "Mkwe wangu ni mtu wa ofisini." Siku mbili alinuna. Siku ya tatu alizikusanya tai zote za Redio kabatini, akakaa nazo mapajani, akazipapasa.

"Vitambaa vizuri hivi," alisema. "Sasa vitafanya nini?"

Kesho yake mapazia ya sebuleni yalikuwa yamefungwa kwa tai, kila pazia na rangi yake, fundo safi kabisa, na wageni walipouliza alisema, "Mkwe wangu alikuwa mtu wa ofisini. Sasa ana kazi yake mwenyewe. Hizo ni za zamani."

Mwezi wa taarifa ulipokwisha, asubuhi ya kwanza ambayo hakwenda kazini, simu yake iliita akiwa kwenye barabara ya soko, mfuko wa vifaa begani.

"Haloo," akasema.

"Mimi tena," ilisema sauti aliyoijua. "Dada yangu amekuja, naye bomba lake lina matatizo, na hataki kuamini kwamba wewe ni mtu. Uko wapi?"

"Niko njiani, mama."

"Aa! Usinianze na hiyo njia yako. Njia gani?"

Redio akapita karakana ya milango, ambako mtu mmoja alikuwa akipiga randa na vumbi la mbao likipaa juani. Akasimama, akaweka mfuko chini, akainua mkono.

"Sikiliza, mama," alisema.

Akagonga geti la kijani.